Taa za sherehe za Kichina: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Taa nyekundu ya Kichina, ile ya duara yenye matamvua ya njano chini, wengi wetu tumeijua kwa kuiona mlangoni mwa mkahawa wa Kichina, tukaichukulia kuwa pambo. Wachina huisoma. Hutazama imewashwa usiku upi, ina rangi gani, imeandikwa nini, na nani amempa nani. Kimoja kati ya hivyo kikibadilika, salamu ya heri inaweza kugeuka tangazo la msiba. Maswali yafuatayo ndiyo huulizwa zaidi na wanaosafiri kwenda China kwa masomo au biashara, na wanaotaka kutundika taa nyumbani bila kukosea.

Sherehe ya taa ni moja, au ziko nyingi?

Yenye jina hilo ni moja: Yuanxiao, inayofanyika usiku wa tarehe 15 ya mwezi wa kwanza kwa kalenda ya Kichina. Huo ndio usiku wa mwezi mpevu wa kwanza wa mwaka, na ndio unaofunga shamrashamra za Mwaka Mpya wa jadi. Lakini taa huwashwa pia katika nyakati nyingine mbili kubwa. Usiku wa tarehe 15 ya mwezi wa saba ni wa marehemu, na taa huelea mtoni. Usiku wa tarehe 15 ya mwezi wa nane ni wa kutazama mwezi na kula keki za mwezi, na hapo taa ni za watoto.

Wafuasi wa dini ya Dao wana maelezo yanayosaidia sana kuelewa mpangilio huu. Wanaamini kuna wasimamizi watatu: wa mbingu, wa ardhi na wa maji. Wa mbingu hugawa heri, wa ardhi husamehe makosa, wa maji huondoa mikosi. Siku zao ni tarehe 15 ya mwezi wa kwanza, wa saba na wa kumi. Ndiyo maana taa za mwezi wa kwanza ni za kuomba baraka na hutundikwa juu, ilhali za mwezi wa saba ni za rehema kwa waliokufa. Sherehe ya mwezi wa nane haimo katika hesabu hiyo. Hiyo ni ya mavuno na mwezi.

Mbona tarehe hubadilika kila mwaka?

Anayefuata mwezi mwandamo kwa ajili ya Ramadhani atalielewa hili haraka. Miezi ya Kichina nayo hufuata mwezi, ingawa huanza siku moja au mbili kabla haujaonekana, kwa hiyo tarehe 15 huangukia mwezi mpevu. Tofauti ni kwamba Wachina huongeza mwezi wa 13 mara 7 katika kila miaka 19, ili kalenda isiyaache majira. Kwa hiyo Yuanxiao haizunguki mwaka mzima. Hubaki kati ya mwanzo wa Februari na mwanzo wa Machi. Mwaka 2026 ni tarehe 3 Machi, na mwaka 2027 ni tarehe 20 Februari. Usiku wa marehemu ni 27 Agosti 2026 na 16 Agosti 2027. Sherehe ya mwezi wa nane ni 25 Septemba 2026 na 15 Septemba 2027.

Desturi hii ilianza lini na kwa nini?

Mizizi yake iko katika enzi ya Han, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mwanahistoria Sima Qian, aliyeishi wakati wa Mfalme Wu, ameandika kwamba kasri lilikuwa na tambiko la mwezi wa kwanza kwa mungu aitwaye Taiyi, lililoanza jua likizama na kwisha alfajiri. Baadaye ikaja dini ya Budha, ambayo ndani yake nuru ni alama ya hekima. Mapokeo yanasema Mfalme Ming, aliyetawala kati ya mwaka 57 na 75, aliagiza taa ziwashwe usiku huo kwa heshima ya Budha. Tambiko la mbingu na nuru ya Budha vikakutana usiku mmoja, na wananchi wakaongeza yao.

Yao yalikuwa nini? Ili kuliona hilo, itazame Chang'an, mji mkuu wa enzi ya Tang, ambao leo ni Xi'an. Mji huo uligawanywa katika mitaa yenye kuta. Jua likizama, ngoma zilipigwa, malango ya mitaa yakafungwa, na mtu aliyekutwa barabarani bila ruhusa aliadhibiwa kwa viboko 20. Maisha yalikuwa hivyo usiku baada ya usiku, mwaka mzima, isipokuwa tarehe 14, 15 na 16 za mwezi wa kwanza. Katika siku hizo tatu malango yaliachwa wazi. Tajiri na maskini, mwanamume na mwanamke, walitoka wakatembea hadi asubuhi chini ya taa. Mwandishi mmoja wa zama hizo ameeleza gurudumu la taa lililosimamishwa nje ya lango mojawapo mwaka 713: lilikuwa na urefu wa karibu mita 60, limevishwa hariri, limebeba taa 50,000, na chini yake maelfu ya wanawake walicheza kwa siku tatu.

Kwangu mimi, hapo ndipo moyo wa sherehe hii ulipo, kuliko katika hadithi za miungu. Taa ilikuwa ruhusa ya kutoka nje. Ndiyo maana hadi leo Yuanxiao inahusishwa na mapenzi: msichana wa familia ya heshima, ambaye mwaka mzima hakuonekana barabarani, alipata usiku wa kuona na kuonekana.

Wafalme waliofuata waliendelea kuongeza siku. Mwaka 967 Mfalme Taizu wa Song aliongeza siku mbili zikawa tano. Enzi ya Ming ikafikisha kumi.

Kuna hadithi gani ya kienyeji inayoeleza asili yake?

Ziko kadhaa. Inayosimuliwa sana ni ya korongo wa mbinguni aliyetua duniani, wanakijiji wakamuua bila kumjua. Mfalme wa Mbinguni alikasirika, akaapa kukiteketeza kijiji kwa moto usiku wa tarehe 15. Binti yake akawahurumia, akawaonya. Mzee mwenye hekima akashauri kila nyumba itundike taa nyekundu, iwashe mioto na kulipua fataki. Majeshi ya mbinguni yalipotazama chini, yaliona kijiji kizima chekundu, yakadhani kimeshaungua, yakarudi. Kila mwaka tangu hapo taa huwashwa.

Kwa nini nyekundu?

Nyekundu ni rangi ya furaha, uhai na kinga dhidi ya mabaya. Bibi harusi huvaa nyekundu, bahasha za pesa za watoto ni nyekundu, karatasi za milangoni ni nyekundu. Kuna na masimulizi ya mnyama Nian, aliyekuwa akivamia vijiji usiku wa mwaka mpya, mpaka watu wakagundua kwamba huogopa rangi nyekundu, moto na kelele.

Taa nyekundu zimebeba hata uzito wa dola. Tarehe 1 Oktoba 1949, Jamhuri ya Watu wa China ilipotangazwa, taa nane kubwa nyekundu zilining'inia juu ya lango la Tiananmen jijini Beijing. Taa nane zingali hapo, ingawa zenyewe zimekuwa zikibadilishwa.

Na taa nyeupe je?

Hapa kuwa makini. Taa nyeupe mlangoni ni msiba. Katika jamii nyingi za Wachina, hasa za kusini na zile za Malaysia na Singapore, nyumba iliyofiwa hutundika taa nyeupe zenye maandishi ya bluu: jina la ukoo, na mara nyingi umri wa marehemu. Anayepita hujua bila kuuliza, hupunguza sauti.

Ninalisisitiza hili kwa sababu wapambaji wa harusi hupenda taa nyeupe za karatasi. Zinaendana na maua na vitambaa. Kwa wageni wa Kiswahili hakuna neno. Lakini ukialikwa kupamba shughuli ya Wachina, au ukiwa na washirika wa kibiashara wa Kichina ukumbini, weka nyekundu. Hasa wazee watakushukuru.

Maandishi yaliyo juu ya taa yana maana gani?

Linaloonekana zaidi ni fu, yaani heri. Kwenye harusi utaona alama ya furaha iliyoandikwa mara mbili kwa pamoja, mbili zimeshikana kama moja. Kwenye sikukuu ya kuzaliwa ya mzee utaona shou, maisha marefu. Katika nyumba za zamani za Fujian na Guangdong, taa mbili za mlangoni hubeba jina la ukoo, ili mgeni ajue yuko kwa nani.

Ni kweli taa zinahusiana na kuzaa watoto wa kiume?

Kweli kabisa, na bila jambo hili nusu ya desturi hazieleweki. Taa kwa Kichina ni deng. Mwanamume aliyetimia, anayehesabika katika ukoo, ni ding. Katika lahaja kadhaa za kusini maneno haya hukaribiana mno kwa sauti, hivyo kuongeza taa kukawa kuongeza mtoto wa kiume. Katika vijiji vya kale vya Hong Kong, familia iliyopata mtoto wa kiume mwaka uliopita hutundika taa katika ukumbi wa mababu mwezi wa kwanza unapofika. Taa hiyo ndiyo kama cheti chake: kuanzia hapo anatambuliwa kuwa mwana wa ukoo, mwenye haki zake. Jijini Beijing, enzi za Ming na Qing, wanawake waliotoka usiku wa taa walivuka madaraja ili kuacha magonjwa nyuma yao, kisha wakagusa misumari mikubwa ya malango ya mji kwa matumaini ya kupata mwana.

Mabinti hawakutundikiwa taa, na uzuri wa mwanga haupaswi kutusahaulisha hilo. Hata hivyo, desturi nyingine za mkoa wa Shaanxi zina huruma zaidi. Wazazi wa binti aliyeolewa karibuni humpelekea taa kabla ya tarehe 15, kumtakia apate mtoto. Akiwa tayari mjamzito, humwongezea taa ndogo za kumwombea ajifungue salama. Na mjomba, ndugu wa mama, huwapelekea wapwa zake taa kila mwaka mpaka watimize miaka 12. Yule wa mwaka wa mwisho hupelekewa taa ya kuhitimisha. Usiku wa kufunga sherehe watoto hugonganisha taa zao makusudi, mishumaa iangukie karatasi, ziungue zote. Taa ya mwaka huu haihifadhiwi kwa ajili ya mwaka ujao. Mjomba ataleta mpya.

Vitendawili vya taa ni nini?

Ni karatasi zenye fumbo zinazobandikwa kwenye taa au kuning'inizwa chini yake. Anayepata jibu huchomoa karatasi, humpelekea mwenye taa, akapewa zawadi ndogo. Mchezo huu ulishamiri katika miji ya enzi ya Song, na kwa msemaji wa Kiswahili aliyekua akiitikia "tega!" hauhitaji kufundishwa. Vingi ni vya kucheza na michoro ya herufi za Kichina, hivyo hupotea ukitoka kwenye lugha yao. Vya watoto huvuka mipaka vizuri zaidi. Mfano: nyumba yenye kuta za kukwaruza, ndani pazia jekundu, nyuma ya pazia amelala bwana mnene mweupe. Jibu ni karanga.

Maumbo ya wanyama na maua yana maana?

Yana maana. Samaki ni wingi wa mali, chakula kisichokwisha. Yungiyungi ni usafi, kwa kuwa huchanua juu ya tope bila kuchafuka. Ndiyo maana taa za majini huchukua umbo lake. Sungura ni wa mwezi wa nane, kwa sababu Wachina humwona sungura kwenye uso wa mwezi akitwanga dawa. Katika Mwaka Mpya hutengenezwa pia mnyama wa mwaka husika: farasi mwaka 2026, mbuzi mwaka 2027.

Joka ni nguvu na mvua. Huko Pujiang, mkoani Zhejiang, joka la taa hutengenezwa na kijiji kizima kwa maana halisi ya neno: kila nyumba huleta benchi la mbao lenye taa zake juu, mabenchi huunganishwa moja baada ya jingine, na mnyororo huo wenye mwanga huzunguka mashambani ukibebwa mabegani. Nyumba ambayo haikuleta benchi huacha pengo ambalo kila mtu analiona. Napenda sherehe ambayo haiwezekani bila jirani.

Kuna pia qilin, mnyama wa heri ambaye hutokea, wanavyoamini, wakati wa mtawala mwema, na ambaye katika taa na picha huonyeshwa akileta mtoto. Huyu anatugusa sisi wa pwani. Mwaka 1415 twiga aliyepelekwa kutoka Malindi alifika katika kasri la Mfalme Yongle, na maafisa wakampokea kama qilin aliye hai.

Taa hutengenezwaje?

Ile ya kawaida huanza na mwanzi. Huchanwa vipande vyembamba, hupindwa kwa maji au moto, hufungwa kuwa kiunzi, kisha huvishwa karatasi au hariri kwa gundi ya unga. Zamani karatasi ilipakwa mafuta ipitishe mwanga na isilowe. Katika kijiji cha Tuntou, eneo la Gaocheng mkoani Hebei, hii ndiyo kazi ya karibu kila nyumba, na taa zake husambazwa nchi nzima. Taa za kasri za Beijing ni jamii nyingine: fremu za mbao za thamani zenye pembe sita, na katika kila upande hariri au kioo chenye picha.

Huko Xianju, mkoani Zhejiang, mafundi hutengeneza taa zisizo na kiunzi hata kidogo. Karatasi nzito hukunjwa na kuunganishwa mpaka ijibebe yenyewe, na michoro yake si ya rangi: ni matundu ya sindano, maelfu kwa maelfu. Taa ikiwa imezimwa ni karatasi nyeupe yenye vipele. Ikiwashwa, ua linatokea.

Lakini inayonishangaza kuliko zote ni taa ya farasi wakimbiao, inayojulikana tangu enzi ya Song. Katikati yake kuna kijiti kilichosimama, juu ya kijiti kuna pangaboi la karatasi, na picha za wapanda farasi zimefungwa kwenye kijiti hicho. Mshumaa ukiwashwa, hewa ya moto hupanda na kusukuma mapanga. Kijiti huzunguka, na vivuli vya farasi hukimbizana kwenye kuta za taa bila kukamatana. Ni kanuni ileile ya tabo, yaani mitambo ya mapanga inayosukumwa na gesi moto, ikiwa mikononi mwa watoto karne nyingi kabla ya injini.

Kwa ukubwa, mji wa Zigong mkoani Sichuan hauna mpinzani. Ulijulikana kwa chumvi ya visima virefu, na maonyesho yake ya kisasa ya taa yalianza mwaka 1964. Siku hizi mafundi wake huchomelea viunzi vya chuma vyenye urefu wa maghorofa, na taa zao hukodishwa Ulaya na Marekani. Wana pia mazoea ya kutumia vitu vya nyumbani: majoka yaliyofungwa kwa sahani na vikombe vya kauri, na wanyama waliopangwa kwa vichupa vya kioo vilivyojazwa maji ya rangi.

Na taa za barafu?

Ni za Harbin, kaskazini kabisa. Wavuvi waligandisha maji kwenye ndoo, wakatoa ganda la nje, wakaweka mshumaa ndani ili upepo usiuzime. Maonyesho ya taa za barafu katika bustani ya Zhaolin yalianza mwaka 1963.

Taa zinazopaa angani ni sehemu ya sherehe hizi?

Katika maeneo machache tu. Huitwa taa za Kongming, kwa jina la mwanamkakati Zhuge Liang aliyeishi kati ya mwaka 181 na 234, ambaye mapokeo yanasema aliitumia kuomba msaada alipozingirwa na adui. Ni mfuko wa karatasi nyembamba juu ya pete ya mwanzi, na katikati kitambaa kilicholoweshwa nta. Mahali panapojulikana zaidi ni Pingxi, Taiwan, kwenye mabonde ya mvua nyingi. Wenyeji husimulia kwamba zamani majambazi walipovamia, familia zilikimbilia milimani, na waliobaki nyuma walirusha taa kuwaambia wenzao kwamba pamekuwa salama, warudi.

Nawasihi wasomaji wasizirushe. Mwaka 2013 taa moja ya aina hii ilianguka juu ya shehena ya plastiki huko Smethwick, Uingereza, na moto wake ukateketeza takriban tani 100,000. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2020 taa zilizorushwa kusherehekea mwaka mpya zilichoma jengo la nyani katika bustani ya wanyama ya Krefeld, Ujerumani; zaidi ya wanyama 30 walikufa, wakiwemo sokwe na orangutani. China kwenyewe miji mingi imezipiga marufuku. Fikiria sasa pwani yetu yenye mapaa ya makuti, au nyika zetu kiangazi. Pamoja na hayo, zenye pete ya waya huacha vipande malishoni, ng'ombe akala.

Hata taa za kutundika zimeua. Mwaka huohuo wa twiga, 1415, mlima wa taa uliojengwa kwenye kasri uliwaka moto na watu wakafa, akiwemo afisa mkuu wa jeshi.

Taa za mtoni ni za nini?

Ni za usiku wa mwezi wa saba. Inaaminika kwamba katika kipindi hicho roho za wafu hutembea, na zisizo na ndugu wa kuzikumbuka ndizo zenye taabu zaidi. Taa ndogo yenye umbo la yungiyungi huwekwa majini ili kuzionyesha njia. Familia huwakumbuka watu wao, lakini pia waliozama, waliokufa safarini, wasiojulikana makaburi yao. Hakuna kelele wala fataki. Mgeni anaruhusiwa kutazama. Asisogeze taa ya mtu, wala asiiokote ikifika ukingoni.

Watu hula nini usiku wa Yuanxiao?

Vidonge vya mviringo vya unga wa mchele wa kunata, vilivyojazwa ufuta mweusi na sukari, karanga au maharage matamu, vikichemshwa na kuliwa pamoja na maji yake. Uviringo wake ni familia iliyokamilika mezani. Kaskazini huviita yuanxiao: kijazo hukatwa vipande, hulowanishwa na kuviringishwa kwenye unga mkavu tena na tena mpaka kinenepe. Kusini ni tangyuan: unga hukandwa kwanza, kisha kijazo hufungwa ndani. Vya kusini ni laini zaidi. Kula polepole, ufuta wa ndani hubaki na moto muda mrefu.

Mimi ni Muislamu au Mkristo. Nikihudhuria nitakuwa nimeabudu?

Swali hili huulizwa kwa dhati na linastahili jibu la wazi. Kutazama taa, kujibu vitendawili, kula tangyuan na kutembea na marafiki si ibada. Wachina wengi wasio na dini yoyote hufanya hayo. Kufukiza udi mbele ya sanamu hekaluni, au kuweka taa mtoni kwa kuombea roho, ni matendo ya kidini, na hakuna mwenyeji mstaarabu atakayekulazimisha. Kati ya hayo mawili kuna kuandika matakwa kwenye taa, jambo ambalo wengine huliona kuwa mchezo na wengine dua. Hilo mwulize sheikh au mchungaji wako.

Nimesikia msemo kuhusu gavana na taa. Unatoka wapi?

Katika enzi ya Song alikuwepo gavana aitwaye Tian Deng. Kwa kuwa jina lake lilifanana kwa sauti na neno la taa, aliwakataza watu wake kulitamka, aliyelitamka alichapwa. Ikabidi mkoa mzima useme "moto" badala ya taa. Sherehe ilipofika, makarani wakabandika tangazo la kuruhusu taa, wakaandika kwa hofu: kwa mujibu wa desturi, mkoa wetu utachoma moto kwa siku tatu. Hadi leo Wachina wakiona mkubwa anajiruhusu makosa huku akiwabana wadogo, husema: gavana ruksa kuchoma moto, raia marufuku kuwasha taa.

Niende wapi nikaone?

Nanjing, kandokando ya mto Qinhuai karibu na hekalu la Confucius, kuna historia na umati mkubwa. Shanghai, bustani ya Yuyuan inafikika kirahisi. Xi'an huwasha taa juu ya ukuta wa kale wa mji. Kwa taa kubwa nenda Zigong. Kwa sherehe ya mwezi wa nane, bustani ya Victoria huko Hong Kong hujaa watoto wenye taa. Na katika vijiji vya Guangdong ukibahatika utaona taa zilizochongwa kwenye maganda ya balungi. Wanafunzi wetu walioko China wakumbuke kwamba Yuanxiao si siku ya mapumziko ya kitaifa, na treni za juma hilo hujaa watu wanaorudi kazini. Kata tiketi mapema.

Korea na Vietnam taa zao ni hizihizi?

Ni ndugu, kila mmoja na nyumba yake. Vietnam watoto hubeba taa za nyota katika sherehe ya mwezi wa nane. Korea taa za yungiyungi ni za kuzaliwa kwa Budha, na sherehe hiyo iliingia katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2020. Mwaka Mpya wa Kichina, ambao Yuanxiao ni sehemu yake, uliingia mwaka 2024.

Nataka kutundika taa nyumbani au dukani. Nifanyeje?

Tundika mbili, moja kila upande wa mlango. Shufwa ni heri, na taa moja peke yake huonekana pungufu. Chagua nyekundu yenye matamvua ya njano au dhahabu. Kama ina maandishi, mwonyeshe anayejua Kichina kabla ya kununua, kwa kuwa taa zenye jina la ukoo wa watu zimo sokoni na si za kwako. Tumia balbu ya LED, si mshumaa. Karatasi na hariri hushika moto kwa sekunde, na taa nyingi za bei nafuu siku hizi ni plastiki, ambayo ni mbaya zaidi. Za nje ziwe za kitambaa cha nailoni, maana karatasi haivumilii mvua za masika. Zitundike siku chache kabla ya mwaka mpya wao, uziache mpaka baada ya tarehe 15. Zikipauka na kuchanika, ziondoe uweke mpya. Taa iliyochakaa mlangoni Mchina huisoma kuwa biashara imedorora.